Kiongozi Anapoulizwa Kuhusu Fedha Zake: Jinsi ya Kupima Majibu Yake Hatua kwa Hatua

Kila inapozuka habari kwamba kiongozi fulani ana akaunti nje ya nchi, au nyumba ambayo hakuitaja popote, maswali yanayonifikia huwa ni yaleyale. Nimwamini nani? Mbona hajashtakiwa? Kwani kuwa na pesa ni kosa? Hizi si siasa tu za kumchafua mtu? Wengi wanaouliza walimpigia kura kiongozi huyo. Sasa wanavutwa huku na wanaomtetea, kule na wanaomshambulia, na hakuna anayewaonyesha pa kuanzia.

Mwongozo huu nimewaandikia wao. Huhitaji kuwa mhasibu wala wakili. Unahitaji daftari, kalamu, na uvumilivu wa kutosema neno mpaka umesoma. Ukimaliza unaweza kubaki na imani yako kwa kiongozi huyo, unaweza kuiondoa, au unaweza kuisimamisha mpaka jibu fulani lipatikane. Yote matatu ni sawa, ilimradi uweze kueleza kwa nini.

Niweke wazi msimamo wangu tangu mwanzo: katika habari nyingi za namna hii, kinachovunja imani ya watu si ukubwa wa fedha bali ni maelezo yanayobadilika. Ndiyo maana hatua ya tano ni ndefu kuliko zote. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hiyo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya hivi kwanza. Usianze kujadiliana na mtu yeyote kabla hujavipata, au angalau kabla hujajua vipi havipatikani.

- Tuhuma yenyewe, kwa maneno ya aliyeitoa mara ya kwanza. Muhtasari wa mtu wa tatu hautoshi, na ujumbe uliosambazwa mara nyingi kwenye simu hautoshi kabisa.
- Tamko lake la mali na madeni, kama sheria inaruhusu kulisoma. Pata ya miaka kadhaa. Tamko moja peke yake halikuonyeshi mali ilivyokua.
- Orodha ya vyeo alivyoshika na tarehe zake: lini alianza, lini aliacha.
- Mshahara na posho za vyeo hivyo. Mara nyingi vimo katika sheria, bajeti au taarifa za bunge.
- Kauli zake mwenyewe, nzima. Kama ni video, itazame yote, si kipande cha nusu dakika.
- Ripoti za uchunguzi, kama zipo. Soma kurasa za mwisho zenye uamuzi, kisha rudi mwanzo.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anasema "anatuhumiwa ufisadi," mwingine anajibu "ni tajiri tangu ujana wake," na wote wawili wanadhani wanazungumzia jambo moja. Maswali kuhusu fedha za kiongozi kwa kawaida ni ya aina hizi:

- Chanzo: fedha zimetoka wapi?
- Tamko: alipaswa kuzitaja, je, alizitaja?
- Kodi: alilipa kilichopaswa kulipwa?
- Mgongano wa maslahi: alifanya uamuzi wa serikali uliogusa mfuko wake?
- Matumizi: fedha za umma zimetengeneza mali yake binafsi?

Jibu la swali moja si jibu la jingine. Kiongozi anaweza kuwa amelipa kodi yote na bado akawa na mgongano mkubwa wa maslahi.

Iceland, mwaka 2016, ndiyo mfano ninaoutumia zaidi. Waziri Mkuu Sigmundur Davíð Gunnlaugsson alikuwa amehusika, pamoja na mkewe, na kampuni iitwayo Wintris iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Watetezi wake walisisitiza kwamba kodi ililipwa. Lakini swali zito halikuwa la kodi. Kampuni hiyo ilikuwa ikizidai benki za Iceland zilizoanguka mwaka 2008, na serikali yake ndiyo iliyokuwa ikishughulikia madai ya wadai wa benki hizo. Yaani waziri mkuu alikaa upande mmoja wa meza, na fedha za familia yake upande wa pili, bila wananchi kujua. Habari ilitoka Aprili 3, siku iliyofuata maelfu walijaa mbele ya bunge mjini Reykjavík, na Aprili 5 akatangazwa kuondoka kwenye wadhifa. Aliyekuwa akibishana kuhusu kodi alikuwa akijibu swali ambalo halikuulizwa.

Tahadhari: "Ametoa wapi utajiri huu?" ni swali halali. "Kwa nini ni tajiri?" si swali la uchunguzi. Urithi, biashara ya kabla ya siasa na kazi ya mwenzi wake ni vyanzo halali kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta kanuni iliyokuwepo wakati huo

Usimpime mtu kwa kanuni ya leo kwa jambo la miaka kumi iliyopita. Tafuta sheria ya maadili ya viongozi ya nchi husika na uangalie ilianza lini, inamgusa nani, na inataka nini kitajwe: mali zake tu, au na za mwenzi na watoto wadogo pia.

Hata hivyo, kuwa ndani ya kanuni si mwisho wa maswali. Gunnlaugsson aliiuza nusu yake ya Wintris kwa mkewe kwa dola 1 tu, na mauzo hayo yalifanyika Desemba 31, 2009, siku moja kabla ya kanuni mpya kuanza ambayo ingemlazimu kuitaja. Andika tarehe kama hizo pembeni. Hazithibitishi kosa, lakini zinakuonyesha mtu aliyeijua kanuni na akajipanga kwa ajili yake.

Kuna kipimo kimoja cha kimataifa kinachofaa kukijua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ulioanza kutumika Desemba 2005, katika kifungu cha 20 unazitaka nchi zifikirie kulifanya kuwa kosa ongezeko kubwa la mali ya mtumishi wa umma ambalo hawezi kulieleza kwa kipato chake halali. Si kila nchi imekubali kulifanya kosa la jinai. Lakini kama kipimo cha mwananchi wa kawaida, sijaona kilicho bora zaidi: ongezeko, kipato, maelezo.

Hatua ya 3: Panga tarehe

Chukua ukurasa mzima. Upande wa kushoto andika vyeo na maamuzi yake ya kiserikali, upande wa kulia andika mali, mikopo, zawadi na mauzo. Vyote kwa tarehe. Kisha tazama vinavyokutana.

Tarehe ina nguvu kuliko hotuba. Richard Nixon, Rais wa Marekani, alidai punguzo kubwa la kodi kwa kutoa nyaraka zake za zamani za umakamu wa rais kwa hifadhi ya taifa. Sheria iliyobadilishwa ilifuta punguzo la aina hiyo kwa zawadi zilizotolewa baada ya Julai 25, 1969. Hati ya zawadi ya Nixon ilikuwa na tarehe ya Machi 27, 1969, kwa hiyo kwa macho tu alikuwa amewahi. Wachunguzi walipoifuatilia, waligundua kwamba hati hiyo ilitiwa saini Aprili 1970, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kisha ikapewa tarehe ya nyuma. Aprili 1974 kamati ya pamoja ya bunge la nchi hiyo ilikuta kwamba anadaiwa zaidi ya dola 476,000 pamoja na riba, naye akakubali kulipa. Kesi nzima ya punguzo lile ilitegemea tarehe moja kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo unapoandika tarehe, tofautisha tatu: siku jambo lilipotendeka, siku lilipoandikwa, na siku lilipojulikana kwa umma. Ukizichanganya, utamlaumu mtu bure au utamsafisha bure.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya mali

Hesabu hii ni ya shule ya msingi, ila inahitaji uaminifu. Unatafuta pengo kati ya mali iliyoongezeka na kipato kinachojulikana.

Tuchukue kiongozi wa kufikirika aliyekaa madarakani miaka 8. Tusitumie sarafu yoyote, tuseme tu vipande. Kipato chake baada ya kodi ni vipande 100 kwa mwaka, na maisha yanamgharimu 60. Akiba inayowezekana ni 40 mara 8, yaani 320. Katika miaka hiyo mali zake zimeongezeka kwa thamani ya 900. Ana mkopo wa benki wa 250 uliotumika kujengea, na alirithi 150.

900 toa 320, toa 250, toa 150, inabaki 180.

Hiyo 180 ndiyo swali lako. Si 900. Anayetangaza 900 kama "mali ya wizi" anadanganya, na anayesema "ana mkopo, basi yameisha" naye anadanganya. Sasa unaweza kuuliza kwa adabu na kwa usahihi: hii 180 imetoka wapi?

Makosa ya kawaida hapa:

Kuhesabu thamani ya leo ya nyumba badala ya bei aliyonunulia. Nyumba ikipanda bei, mwenye nyumba hajaingiziwa fedha yoyote.

Kusahau kwamba mkopo unalipwa. Kama mkopo wa 250 ulimalizwa ndani ya miaka hiyohiyo, fedha za kuulipa nazo zinahitaji chanzo, na pengo linakua.

Kudhani hana matumizi. Ada za watoto, kampeni na safari binafsi ni fedha iliyotoka mfukoni kwake.

Kama huna takwimu za kutosha, andika "haijulikani" kwenye nafasi yake na uendelee. Usijaze kwa kubuni.

Hatua ya 5: Andika kila jibu lake kwa tarehe, neno kwa neno

Gawa ukurasa kwa safu tatu: tarehe, alichosema, ambacho hakukisema. Safu ya tatu ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida.

Tazama wiki moja ya Aprili 2016 nchini Uingereza. Nyaraka za Panama, yaani nyaraka za siri zilizovuja kutoka kampuni ya uwakili ya huko, zilitaja mfuko wa uwekezaji wa nje uitwao Blairmore, uliohusika na marehemu baba yake Waziri Mkuu David Cameron. Jumatatu, Aprili 4, ofisi yake ilisema hilo ni jambo binafsi. Jumanne yeye mwenyewe akasema hana hisa wala mifuko ya nje. Likaongezwa tamko kwamba yeye, mkewe na watoto hawafaidiki na mifuko hiyo. Jumatano ikaja kauli kwamba hawatafaidika nayo siku zijazo. Alhamisi, katika mahojiano ya televisheni, akakiri kwamba yeye na mkewe waliwahi kuwa na hisa humo na waliziuza Januari 2010 kwa takriban pauni 30,000, miezi michache kabla hajawa waziri mkuu.

Rudi uzisome tena kauli hizo. "Sina hisa" ilikuwa kweli siku aliyoisema. "Hatutafaidika" ni ya siku zijazo. Kilichobaki wazi siku zote nne ni wakati uliopita, na jibu lilikuwa limelala hukohuko. Hakukutwa amevunja sheria. Fedha yenyewe haikuwa kubwa kwa mtu wa nafasi yake. Angesema yote Jumatatu, sidhani kama habari hiyo ingefika Ijumaa. Mwishoni mwa wiki alitoa muhtasari wa kodi zake, lakini kufikia hapo watu hawakuwa wakiuliza tena kuhusu hisa. Walikuwa wakiuliza ni kipi kingine hakijasemwa.

Kwa hiyo unapoandika, tazama wakati wa kitenzi. "Sina" si "sijawahi kuwa na." "Sikupokea" si "hatukupokea." "Sina akaunti huko" haijibu kama kampuni yake inayo.

Jibu linapobadilika, amua limebadilika kwa namna gani. Kuongeza maelezo ni jambo la kawaida: mtu anakumbuka, anatafuta karatasi, anakamilisha. Kukanusha alichosema mwenyewe ni jambo zito zaidi. Na kuna aina ya tatu ya kuiangalia kwa makini, ambapo maelezo mapya yanakuja kila mara baada ya ushahidi mpya kutoka, kamwe si kabla.

Ireland iliishi na aina hiyo ya tatu kwa karibu miaka miwili. Septemba 2006 ilijulikana kwamba Waziri Mkuu Bertie Ahern alipokea fedha kutoka kwa marafiki miaka ya 1993 na 1994, alipokuwa Waziri wa Fedha. Alieleza kwenye televisheni kwamba zilikuwa za kumsaidia wakati ndoa yake ilipovunjika, na watu wengi walimhurumia. Alieleza pia kwamba kwa miaka kadhaa hakuwa na akaunti ya benki kwa jina lake. Mwaka 2007 chama chake kiliongoza tena katika uchaguzi mkuu, yeye akabaki waziri mkuu. Lakini tume ya uchunguzi iliendelea kufuatilia amana moja baada ya nyingine, na kila amana ilidai maelezo yake. Aprili 2008 alitangaza kujiuzulu. Ripoti ya tume ilitoka Machi 2012: haikusema kwamba alipokea rushwa, lakini ilikataa maelezo yake kuhusu chanzo cha fedha kuwa si ya kweli.

Huruma ya 2006 haikuwa makosa. Ndoa inapovunjika mtu huumia kweli. Ila maumivu hayo hayaelezi amana ya benki, na ndiyo sababu nakusihi uandike hisia kwenye mstari wake na takwimu kwenye mstari wake. Septemba 23, 1952 Nixon, akiwa mgombea umakamu wa rais, alijitetea kwenye televisheni kuhusu mfuko wa takriban dola 18,000 uliochangwa na wafuasi wake. Wengi wanachokumbuka ni mbwa Checkers, aliyeletwa kama zawadi kwa binti zake. Lakini katika hotuba hiyohiyo alitaja pia anachomiliki na anachodaiwa. Mpimaji mzuri anaandika deni la nyumba, anamwacha mbwa.

Jibu la dharau nalo liandike. Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Waziri wa Miundombinu wa Tanzania, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokuwa katika akaunti kisiwani Jersey, akaziita "vijisenti." Alijiuzulu uwaziri mwezi huohuo. Hakutiwa hatiani kwa fedha hizo. Lakini swali lilikuwa la chanzo, na jibu likawa la ukubwa. Neno hilo moja likabaki midomoni mwa watu kwa miaka mingi kuliko maelezo mengine yote.

Hatua ya 6: Kagua hati, ukianza na jina

Kwa kila karatasi iliyotolewa, uliza: ni ya nani, kwa jina la nani, imetoka kwa nani, na ina umri gani?

Jina kwanza. Desemba 2014 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alimwondoa Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka kuhusiana na shilingi bilioni 1.6 alizopokea kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wakati wa sakata la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow. Waziri alieleza kuwa ulikuwa mchango wa shule. Swali la Rais lilikuwa rahisi: kama ni za shule, kwa nini ziliingia kwenye akaunti yake binafsi? Swali hilo unaweza kuliuliza kokote duniani bila kuhitaji mpelelezi.

Kampuni ikitajwa, tafuta mmiliki manufaa, yaani mtu ambaye faida inamfikia mwishowe, hata kama jina lake halimo kwenye hati ya usajili. Baadhi ya nchi zina daftari la wamiliki hao.

Umri wa hati ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mwaka 2017 nchini Pakistan, wachunguzi wa mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif walipewa hati yenye tarehe ya Februari 2006. Ilikuwa imechapwa kwa herufi za Calibri, na mtaalamu wao akasema herufi hizo hazikuwa zikiuzwa kwa umma kabla ya 2007. Ndipo watu wakajua kwamba hata umbo la herufi ni shahidi.

Lakini fuata kisa hicho hadi mwisho kabla hujatoa hukumu. Julai 28, 2017 Mahakama ya Juu ilimwondolea Sharif sifa ya kuwa mbunge kwa jambo jingine: hakutaja kwenye fomu zake mshahara aliostahili kulipwa na kampuni ya Falme za Kiarabu. Na hukumu ya 2018 dhidi yake na binti yake kuhusu nyumba za familia London ilifutwa kwenye rufaa, kwa binti yake mwaka 2022 na kwake mwenyewe mwaka 2023. Aliyeishia kwenye habari ya herufi hana picha kamili, na aliyeanzia kwenye rufaa naye hana.

Hatua ya 7: Soma uamuzi wa kila chombo kwa swali lake

"Amesafishwa" na "amekutwa na hatia" ni maneno yanayotumika ovyo. Kila chombo hujibu swali lake tu.

Afrika Kusini inatoa mfano mzuri. Februari 2020 wezi waliingia katika shamba la Phala Phala la Rais Cyril Ramaphosa na kuiba dola zilizokuwa zimefichwa ndani ya sofa. Umma ulijua Juni 2022. Maelezo ya Rais yalikuwa kwamba ni dola 580,000 zilizolipwa taslimu na mnunuzi wa nyati. Sasa tazama vyombo. Jopo huru chini ya Jaji Mkuu mstaafu Sandile Ngcobo lilisema Novemba 2022 kwamba kuna mambo ambayo huenda anapaswa kuyajibu. Desemba 13 Bunge likapiga kura 214 kwa 148 kuikataa ripoti hiyo. Mwaka 2023 Mlinzi wa Umma, ofisi inayochunguza mwenendo wa viongozi wa serikali, hakumkuta na ukiukaji wa maadili, na Benki Kuu haikuona uvunjaji wa kanuni za fedha za kigeni. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wakasema hawatamshtaki mtu kwa fedha hizo.

Benki Kuu iliangalia kanuni za fedha za kigeni. Bunge lilipiga kura, na kura ya bunge hufuata vyama. Jopo liliangalia kama kuna dalili za kutosha kuendelea mbele, halikuhukumu. Ukiandika kila chombo na swali lake kwenye mistari tofauti, utaona maswali yapi yamejibiwa na yapi yamebaki, na hapo ndipo unapokuwa na la kusema.

Hatua ya 8: Toa uamuzi wako, uandike

Mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani bila ushahidi usioacha shaka ya msingi, na iwe hivyo daima. Kura yako haina sharti hilo. Unaweza kumwona mtu hana hatia mbele ya sheria na bado usimkabidhi hazina. Vilevile unaweza kuona tuhuma haina kichwa wala miguu hata kama uchunguzi haujaisha.

Andika sentensi mbili. Ya kwanza: "Kwa ninachojua leo, namwamini / simwamini / nasubiri, kwa sababu…" Ya pili: "Nitabadili mawazo nikiona…" Ukishindwa kuimalizia ya pili, rudi hatua ya 1. Inawezekana uliamua kabla hujaanza.

Unapozungumza hadharani, sema kilichothibitishwa kama kilivyo: "alikiri," "ripoti ilisema," "hajajibu." Usimwite mtu mwizi kama hakuna mahakama iliyosema hivyo. Ni kumtendea haki, na pia katika nchi nyingi neno hilo linaweza kukufikisha wewe mahakamani.

Ukikwama

*Tamko lake la mali ni siri.* Tumia kinachoonekana: daftari la ardhi, usajili wa makampuni, kumbukumbu za bunge, kesi za madai. Kisha muulize kama yuko tayari kulitoa kwa hiari. Wengine hutoa. Kukataa si ushahidi wa wizi, lakini ni jibu, na liandike kwa tarehe.

*Anasema ni fitina za wapinzani.* Huenda ni kweli. Aliyeleta tuhuma anaweza kuwa na nia mbaya na karatasi sahihi kwa wakati mmoja. Andika nia yake, halafu kagua karatasi yake kama ungeikagua ya mtu mwingine yeyote.

*Mali iko kwa jina la mke, mume au ndugu.* Fanya hesabu ya hatua ya 4 kwa kipato cha huyo ndugu. Kama ana biashara inayojulikana, mwache na mali yake. Kama kipato chake hakitoshi, swali linarudi kwa kiongozi: nani alilipa?

*Anasema ni mkopo wa rafiki.* Mkopo una tarehe, masharti na marejesho. Uliza ni lini alianza kulipa. Kama malipo yameanza baada ya habari kutoka, andika hivyo. Kisha uliza rafiki huyo aliomba nini serikalini, kabla na baada.

*Kesi imefutwa kwa kasoro za utaratibu.* Hapo swali la fedha halijajibiwa kwa upande wowote. Hujapata haki ya kusema ana hatia, naye hajapata cheti cha usafi. Endelea na kauli zake na hati.

*Tuhuma ni nyingi mno, kila siku mpya.* Chagua moja yenye hati na uimalize. Tuhuma ishirini zisizo na karatasi hazifikii uzito wa moja yenye risiti, na mara nyingi wingi huo humsaidia kiongozi, kwa kuwa akikanusha tatu za uongo watu wanaziacha na kumi na saba zilizobaki.

*Ni kiongozi ninayempenda.* Futa jina lake kwenye ukurasa wa hatua ya 5, weka jina la mpinzani wake mkubwa, kisha usome majibu yaleyale. Halafu fanya kinyume chake kwa kiongozi usiyempenda. Kama uamuzi wako umegeuka, rekebisha sentensi ya kwanza ya hatua ya 8 kabla hujamtumia mtu yeyote.